Kete ya kasino imetoka kwenye belo? Ifuatilie hivi

Wauza mitumba wa hapa Mtwara mnajua, belo la makoti likifunguliwa mifukoni hutoka vitu vya ajabu, na mara mojamoja kinatoka kidude cha duara kama sarafu nene, kimechapwa herufi mbili tatu za dhahabu basi, hakuna jina wala mji. Hiyo ni kete ya kasino, ile chipu ya kuwekea dau. Usiisugue kwa jiki, zile za zamani ni mchanganyiko wa udongo ulioshindiliwa kwa moto, dhahabu inatoka mara moja. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Pima kwa rula, nyingi za Marekani zina kipenyo cha milimita 39 hivi. Afu ipeleke mlangoni jua la jioni liipige kwa pembeni, uangalie michoro iliyobonyezwa kuzunguka ukingo, maana hiyo ndo saini ya kiwanda. Kofia na fimbo ni Paul-Son wa Las Vegas, vitaji vidogovidogo ni T.R. King wa Los Angeles. Hapa usikurupuke, piga picha uikuze kwenye simu, ukikosea kiwanda huko mbele kote unatafuta hewa.

Sasa rekodi. T.R. King na U.S. Playing Card, kiwanda cha karata cha Cincinnati, walikuwa wanaandika oda kwenye kadi: herufi gani, rangi gani, nani kaagiza, mzigo uende wapi, lini. Wakusanyaji wamezihifadhi, na taarifa zake nyingi unazikuta ChipGuide, tovuti ya orodha ya kete za kasino, bure, andaa bando tu.

Ila jina la kwenye kadi usilimeze hivihivi. Nevada waliruhusu kamari mwaka 1931, sehemu nyingine nyingi ilikuwa marufuku, kwa hiyo wenye klabu walijificha, wakaagiza kupitia dalali au duka la sigara. Ni yaleyale ya kangomba, mlanguzi wa korosho, kupitisha korosho zake AMCOS, chama cha ushirika, kwa jina la mkulima, karatasi inasema huyu, mzigo wa yule!

Kwa hiyo chukua anwani, ingia Chronicling America, magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani, utafute mtaa huo na miaka ileile, hasa habari za polisi kuvamia wacheza kamari, maana huko ndo majina halisi ya wenye klabu yalikuwa yanaanikwa. Jina, mtaa na mwaka vikishikana, andika kwenye bahasha unayoitunzia, sio kwenye kete yenyewe.