Somo: Kumfuata babu mkulima wa Marekani kwenye sensa za kabla ya 1850

Sensa ya kwanza ya Marekani ilianza tarehe 2 Agosti 1790. Kuanzia hapo mpaka 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke, watoto, vibarua na bibi kizee wa nyumbani wote ni tarakimu ndani ya safu. Ukitafuta majina tu utakwama mapema. Soma tarakimu.

Hatua ya 1. Anzia 1850. Mwaka huo ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina, umri na mahali alikozaliwa, pamoja na kazi ya wanaume waliozidi miaka 15 na thamani ya ardhi. Uhusiano na mkuu wa kaya haukuulizwa mpaka 1880, kwa hiyo mwanamke anayefuata baada ya jina la mzee anaweza kuwa mke wa pili, dada au mkwe. Usimwite mke mpaka upate hati ya ndoa au wosia.

Hatua ya 2. Rudi nyuma miaka kumi kumi, ukinakili safu zote za kaya, hata zilizo tupu. Nakili pia kaya ishirini za juu na ishirini za chini. Wakulima walihama pamoja na ndugu na wakwe, na mara nyingi jina la ukoo wa mke linakaa mistari miwili mitatu tu kutoka kwa mumewe. Orodha ikiwa imepangwa kialfabeti, ujue ilinakiliwa upya na ujirani umepotea. Hapo tumia orodha za kodi na hati za mashamba.

Hatua ya 3. Geuza safu kuwa miaka ya kuzaliwa. Kazi yenyewe iko hapa. Tuseme mzee yuko safu ya miaka 40 hadi chini ya 50 mwaka 1830. Siku ya sensa ilikuwa 1 Juni, basi alizaliwa kati ya Juni 1780 na Juni 1790. Mwaka 1810, siku ya sensa ikiwa 6 Agosti, alikuwa safu ya 16 hadi chini ya 26: kati ya Agosti 1784 na Agosti 1794. Panapokutana ni Agosti 1784 hadi Juni 1790. Umepunguza miaka kumi ikawa chini ya sita bila cheti chochote. Fanya hivyo kwa kila tarakimu ya kaya. Mtoto anayepotea kwenye safu huenda amekufa, ameoa au kuolewa, au anafanya kazi kwa jirani. Tarakimu peke yake haisemi ni lipi.

Hatua ya 4. Fungua daftari la kilimo la 1850. Lina ekari zilizolimwa na zisizolimwa, thamani ya shamba, farasi, maksai, ng'ombe wa maziwa, ngano, mahindi, mpaka siagi. Linatenganisha vizuri watu wawili wenye jina moja, maana mwenye ekari 40 si yule mwenye 300. Shamba lililozalisha chini ya dola 100 kwa mwaka halikuingizwa, kwa hiyo kutomwona humo hakumaanishi hakulima.

Jihadhari na mwandiko. Katika "ss", s ya kwanza iliandikwa ndefu kama f: Jesse husomeka Jefse, na Ross husomeka Rofs. Walioandaa faharasa walikosea hivyohivyo, basi tafuta kwa tahajia zote mbili. Mipaka nayo: Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts mpaka 1820. Mkulima anaweza kuonekana amehama jimbo na hajasogea hata hatua moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, hesabu yangu ya kaya ya 1820 inazidi kila mara. Nakosea wapi?
Umejumlisha safu ya wanaume wa miaka 16 hadi 18. Hao wamo tayari ndani ya safu ya 16 hadi 26. Itoe.

Ukoo wa mume wangu ulilima Virginia, lakini 1790 sioni kitu.
Dada, daftari za Virginia za mwaka huo zimepotea, na za 1800 karibu zote. Kitabu kinachoitwa sensa ya 1790 ya Virginia kimetokana na hesabu za jimbo za 1782 hadi 1785. Kitumie kwa miaka hiyo, kisha fuata orodha za kodi ya mali mwaka hadi mwaka. Kijana anapoanza kuonekana humo, jina la baba huwa karibu.

Na babu aliyekuwa mtumwa?
Ndugu, anza 1870, sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokombolewa. Daftari za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi tu. Majina ya watumwa hayakuandikwa isipokuwa mara chache mno. Usidhani ukoo wake ni ule wa mmiliki wa mwisho, maana wengi walichagua jina jingine. Linganisha umri, kisha tafuta wosia na orodha za mirathi za mmiliki, kwani humo majina yao yaliandikwa.