Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kitandani bila kumdhuru

Mgonjwa anaporudishwa nyumbani akiwa hawezi kujigeuza, iwe ni kwa kiharusi au kwa udhaifu wa uzee, jamaa huhangaikia kwanza dawa na chakula, wala hawakosei. Hata hivyo, kuna adui mwingine ambaye huanza kimyakimya chini ya shuka, nacho ni kidonda cha kulalia. Uzito wa mwili ukibana nyama kati ya mfupa na godoro kwa muda mrefu, damu haipiti, na nyama isiyofikiwa na damu hufa. Hapa Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, jasho huilainisha ngozi na kuifanya ichubuke upesi zaidi.

Kwa kawaida mgonjwa wa namna hii hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, isipokuwa mhudumu wa afya amepanga muda mwingine. Katika nyumba nyingi za hapa, shughuli za siku hufuata adhana, nami nimewasikia watu wakisema kwamba humgeuza mgonjwa kila baada ya sala. Nia hiyo ni njema lakini haitoshi, kwa kuwa kati ya Alfajiri na Adhuhuri hupita zaidi ya saa 7, na kati ya Isha na Alfajiri hupita nyingi zaidi. Tumia kengele ya simu, na uweke daftari kando ya kitanda la kuandika saa, upande aliolazwa na hali ya ngozi, ili anayepokea zamu asikisie.

Kabla ya kumgusa, nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kisha mweleze unachotaka kufanya, hata kama hawezi kujibu. Simama upande atakaogeukia, mlaze mkono wake wa mbali juu ya kifua, kunja goti lake la mbali, kisha shika bega na nyonga umvute kuelekea kwako taratibu. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, kwa sababu bega lake huteguka kwa urahisi. Weka mto mgongoni ili aegemee kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mwingine uwe kati ya magoti, na wa tatu chini ya miundi ili visigino vielee bila kugusa godoro. Akihitaji kusogezwa juu, watu wawili wamwinue kwa shuka, kwani kumburuta huchubua ngozi. Aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo asigeuzwe mpaka hospitali iwe imewaonyesha namna.

Kila unapomgeuza, kagua kisogo, mabega, viwiko, kitokono (mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, juu ya matako), nyonga na visigino. Wekundu unaotajwa mara nyingi hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo tumia vidole: mahali palipo na joto kuliko pembeni, pagumu, palipolegea kama tope au panapouma pameanza kuharibika. Hapo usipachue. Najua kuchua kwa mafuta ya nazi ni mapenzi, lakini kusugua nyama iliyokwisha kubanwa huiumiza zaidi. Mafuta yapakwe kwa wepesi penye ngozi nzima tu.

Nailoni inayofunika godoro huzuia jasho lisitoke, basi tandika juu yake shuka la pamba au leso kuukuu, bila mikunjo, na ubadilishe kila inapolowa. Pampasi iliyochafuka isisubiri. Wakati wa kula mwinue akae wima na abaki hivyo kwa dakika 30 baadaye asipaliwe, kisha mshushe, kwani akikaa nusu wima kwa muda mrefu huteleza na kitokono kikasuguliwa.

Godoro la hewa husaidia, lakini haliondoi kazi ya kugeuza.

Ukiona ngozi imefunguka au imekuwa nyeusi kuliko kawaida yake, usaha, harufu mbaya, homa inayofika nyuzi 38 au mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mkaaji wa Likoni asingoje usiku uingie, maana kivuko kinaweza kumchelewesha. Chukua daftari lile pia, kwa sababu muuguzi atakayempokea, iwe ni Makadara, yaani hospitali kuu ya hapa Mombasa, au kwingineko, atataka kujua dalili ilionekana lini na mahali gani.