Kujenga nakala ya Trans Am ya 1969 yenye paa la kukunja

Mwaka 1969 kampuni ya Pontiac ya Marekani ilitoa Trans Am 697, toleo la juu la gari lake la Firebird. Kati ya hizo, 689 zilikuwa na paa la bati. Nane zilizobaki zilikuwa na turubai la kukunja: nne gia za mkono, nne otomatiki, zote nyeupe zenye mistari ya buluu. Kuipata moja ya hizo nane ni kazi ya tajiri mwenye subira. Lakini mwaka huohuo kiwanda kilitoa Firebird za kawaida za kufunguka 11,649, na bodi yake ni ileile. Nakala sahihi hujengwa juu ya moja ya hizo.

Kabla ya kununua bolti hata moja, jua visivyotakiwa, maana nakala nyingi huumbuliwa na vitu vilivyozidi. Ndege mkubwa aliyetanda boneti nzima alikuja 1973. Mdomo wa hewa unaotikisika pamoja na injini na rimu za inchi 15 ni vya 1970. Rimu za sega la nyuki ni za 1971. Vyote ni vizuri, na vyote havina nafasi kwenye gari hili.

Gari la kuanzia

Soma kibao cha namba ya chesisi kilicho juu ya dashibodi, upande wa dereva, kinachoonekana kupitia kioo cha mbele. Namba ianze na 223679. Tarakimu ya 2 ni Pontiac, 23 ni Firebird, 67 ni bodi ya kufunguka, 9 ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda, kwa mfano N kwa Norwood, Ohio, L kwa Van Nuys, California. Ukikuta 37 mahali pa 67, hilo ni gari la paa la bati, liache. Kuna wanaolikata paa wakidhani wamemaliza kazi. Bodi ya kufunguka ina vyuma vya ziada ndani ya sehemu iliyo chini ya milango na chini ya sakafu, fremu yake ya kioo cha mbele ni tofauti, na vioo vya pembeni ni vingine. Gari lililokatwa hulegea katikati, milango ikaanza kugoma kufunga.

Firebird ya silinda sita inafaa kama bodi ni nzima, ila utabadilisha vitu vingi zaidi. Yenye V8 ya inchi za ujazo 350 ndiyo bora, kwa sababu injini ya Pontiac ya 350 na ya 400 kwa nje ni kitu kimoja: mauntini (vishikio vya injini), rejeta na njia za mabomba vyote vinakubali.

Kagua kutu chini ya milango, sakafu ya miguu, sakafu ya buti na pembe za chini za kioo cha mbele. Kisha fanya jaribio hili la dakika tano. Gari likiwa chini, pima pengo la juu kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Weka jeki chini ya kona ya mbele, inua mpaka tairi iache ardhi, pima tena. Likibadilika milimita moja, bodi inapumua kawaida. Mlango ukibana au ukigoma kufunguka, vyuma vya ndani vimeliwa, hata kama rangi ya nje inang'aa.

Usisahau makopo manne. Kwenye kona za gari, mawili mbele na mawili ndani ya buti, Firebird za kufunguka zilifungwa mikebe mizito yenye uzito juu ya springi na mafuta ndani. Mafundi wa Marekani huyaita vitikisio vya kokteli. Kazi yake ni kumeza mtetemo wa bodi isiyo na paa. Wengi waliyatupa wakidhani ni uzito wa bure, halafu wakashangaa kioo cha kati kinacheza kwenye barabara ya mawimbi. Yatafute, na uyarudishe mahali pake.

Sasa suala la karatasi, tulimalize mapema. Namba ya chesisi haisemi lolote kuhusu Trans Am. Kinachotofautisha gari halisi ni ankara ya kiwanda yenye msimbo WS4, na nakala za ankara hizo hutolewa na Pontiac Historic Services. Kwa hiyo usiguse kibao, usichonge upya herufi kwenye injini, na kwenye hati ya mauzo andika wazi kwamba ni nakala. Kubadili namba ya chesisi Marekani ni kosa la jinai la shirikisho.

Kuchomea bila kupinda

Kabla ya kukata kipande chochote cha kutu, chomea mihimili ya muda kwenye kila nafasi ya mlango: bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, moja juu, moja chini, na la tatu la mshazari. Gari likae kwenye stendi zilizo chini ya eksili na fremu kama litakavyokaa kwenye matairi, lisining'inie. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende upande wa pili. Chomea sentimita mbili au tatu, ruka, rudi baadaye. Joto la mfululizo ndilo linalovuta bati.

Fremu ya mbele hufungwa kwenye bodi kwa bolti na mipira, na pale ndipo gari linapopindishwa na mafundi wenye haraka. Kuna matundu ya kulinganishia kwenye fremu na kwenye bodi. Pitisha vyuma viwili vya duara vya milimita 16, yaani inchi 5/8, kimoja kila upande, ndipo ukaze bolti. Vikipita kwa mkono bila nyundo, fremu imekaa. Kisha pima mishazari miwili. Tofauti ikizidi milimita 3, legeza uanze tena. Tumia mipira ya raba. Vipande vya alumini ngumu vinapendwa na wakimbiza magari, ila vitapeleka kila tetemeko moja kwa moja kwenye bodi ambayo tayari haina paa.

Injini

Trans Am zote za kufunguka zilibeba injini ya 400 ya aina ya Ram Air III: nguvu farasi 335 kwa mizunguko 5,000, mgandamizo wa 10.75 kwa 1, kabureta ya Rochester Quadrajet. Blok ya 1969 ina namba 9790071. Ya gia za mkono ilipigwa herufi WQ na silinda hedi namba 48; ya otomatiki YW, hedi namba 62. Ukipata blok nyingine ya 400 iliyo nzima, inatosha, mradi uache herufi zake kama zilivyo. Ikwepe tu yenye namba 500557 ya katikati ya miaka ya 1970, inajulikana kwa udhaifu.

Kosa la gharama kubwa hapa ni manifoldi za eksozi. Hedi za Ram Air III zina matundu yenye umbo la herufi D. Ram Air IV ni ya duara. Manifoldi za duara zinauzwa kwa jina zuri na hazifungi kwenye hedi hizi hata kwa dua.

Konrodi za kiwandani ni za chuma cha kumimina. Zilifanya kazi yake, lakini injini ikishafunguliwa hakuna sababu ya kuzirudisha. Weka za kufuliwa. Na mgandamizo wa 10.75 ulipangiwa petroli ya enzi ile. Kwa petroli ya leo ya pampu, chagua pistoni zenye bakuli mpaka ufike kama 9.5. Kwa nje hakuna atakayejua, na injini haitagonga ukipanda mlima.

Hedi zikazwe kwa newton-mita 129, kwa awamu tatu, ukianzia katikati kwenda nje. Kepu za beringi kuu ni 136, ya nyuma 163. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota ya distributa huzunguka kinyume cha saa. Anayetoka kwenye Chevrolet hukosea hapa kila mara, maana huko rota huzunguka upande mwingine.

Halafu kuna bolti moja ndefu inayowatoa watu machozi. Manifoldi ya hewa ya Pontiac hupitisha maji mbele, na mdomo wake hukutana na kava ya mnyororo kwa pete ya raba. Ile bolti ndefu huvuta manifoldi kuelekea kava. Weka pete mpya, shika bolti zote za manifoldi kwa vidole tu, kaza kwanza ile ndefu mpaka raba ibanwe sawasawa, ndipo ukaze nyingine. Ukianza na za manifoldi, inakwama kwenye hedi na haisogei tena. Maji yatavuja pole pole, na wewe utakuwa ukibadilisha gasketi zisizo na kosa.

Rangi ya injini ni buluu nyepesi yenye kung'aa kwa chembe za metali. Ukiwasha mara ya kwanza na kamshafti mpya ya tapeti bapa, usiiache kwenye silensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Ipandishe hadi mizunguko 2,000 na uishikilie kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20, ikiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Silensa katika dakika za kwanza hula nundu za kamshafti.

Boneti, madigadi na spoila

Boneti ya Trans Am ina midomo miwili ya kunyonya hewa, na ni nyingine kabisa na ile ya Firebird 400. Nakala zinazouzwa ni za faibaglasi. Chini yake kuna sinia linalokaa juu ya kabureta, lenye ukingo wa sponji unaogusa boneti, na vifuniko vinavyofunguliwa kwa kebo kutoka ndani. Mvua ikinyesha, dereva huvifunga. Midomo isiyopitisha hewa ni pambo tu, na mtu akiinua boneti atacheka.

Madigadi ya mbele yana matundu nyuma ya tairi ya kutolea hewa ya moto. Toboa kweli, usibandike kifuniko juu ya bati zima. Toboa kwanza upande mmoja kwa kiolezo, kipindue kwa upande wa pili, pima kutoka ukingo wa mlango na sio kutoka upinde wa tairi, kwa sababu pinde huwa zimeshanyooshwa na mafundi wengi kabla yako.

Spoila ya nyuma ina upana wa inchi 60. Weka mabamba ya chuma chini ya bati la buti kabla ya kufunga, na kaza kwa mkono mwepesi. Faibaglasi hupasuka kuzunguka bolti wiki kadhaa baadaye, rangi ikishakauka. Uzito wake utafanya mfuniko wa buti uanguke wenyewe. Sogeza vyuma vya msokoto vya bawaba tundu moja mbele, utakaa juu.

Mistari

Rangi ni Cameo White, mistari ni Tyrol Blue, na paneli kati ya taa za nyuma pia ni buluu. Ni rangi ya kupuliza, stika hazifai.

Kwenye gari la paa la bati macho hufuata mistari bila kukatika. Hapa mistari inafia kwenye kioo, kisha inafufuka nyuma ya turubai. Ikitofautiana milimita tano, mtu aliyesimama nyuma ya gari ataona. Basi funga boneti na buti kwa mapengo yake ya mwisho, vuta uzi kutoka katikati ya komeo la boneti hadi tundu la kufuli la buti, na pima kutoka kwenye uzi kwenda nje. Usipime kutoka kingo za boneti, kwani kingo zilisogezwa ulipokuwa unapanga mapengo.

Praima ya epoksi, msasa 400, nyeupe. Ikikauka, bandika tepu nyembamba ya plastiki ya milimita 6, kisha tepu ya karatasi nyuma yake. Kabla ya buluu, puliza mkono (tabaka) mmoja mwepesi wa nyeupe ileile kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna pengo la kupenyeza, nyeupe ndiyo itapenya. Buluu mikono miwili au mitatu, vuta tepu rangi ikiwa bado laini, kwa pembe kali kuelekea kwako. Kisha vanishi juu ya vyote.

Chini

Breki za mbele ni diski zenye buster ya kusaidia mguu, za nyuma ngoma. Ukitoka kwenye gari la ngoma nne, badilisha pia masta silinda. Ile ya ngoma huacha shinikizo dogo kwenye mabomba, na pedi za diski zitakwaruza mpaka ziive. Upau wa mbele wa kuzuia gari kulalia upande kwenye kona ni wa inchi 1. Rimu ni Rally II za inchi 14 kwa 7, tairi saizi ya F70-14. Difu ni ya uwiano 3.55 yenye kufunga magurudumu pamoja. Agiza springi za gari la kufunguka lenye V8. Za paa la bati zitaliinamisha.

Turubai

Mpangilio hauvunjwi: milango, vioo, fremu ya paa, kitambaa. Kitambaa hakinyooshi fremu iliyopinda. Pampu ya kuinua paa iko nyuma ya kiti cha nyuma. Kama mfumo wa zamani ulijazwa mafuta ya breki, usichanganye: badilisha pampu, mabomba ya mpira na silinda zote mbili, kisha tumia mafuta ya gia otomatiki, ambayo yakivuja hayali rangi. Tandaza turubai jipya juani nusu saa kabla ya kulivuta, na likishafungwa liache limefunikwa siku kadhaa kabla ya kulikunja.

Zulia na viti vifungwe mwisho. Endesha kilomita 500 kwanza, kaza upya bolti za fremu, rudia lile jaribio la jeki kwenye kona ya mbele. Pengo la mlango likisimama palepale, funga zulia.