Jinsi ya kupima programu ya kugeuza video kabla ya kuikabidhi tovuti yako

Programu za kugeuza video ni nyingi, lakini nyingi kati yake zinaendeshwa na injini moja: FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. HandBrake hutumia maktaba zake, Shutter Encoder huziita amri zake moja kwa moja, na programu kadhaa za kulipia hufanya vivyo hivyo chini ya madirisha ya kupendeza. Kwa hiyo tangazo la "aina mia tatu za faili" halikuambii lolote. Kinachozitofautisha ni maamuzi ambayo programu huyafanya bila kukuuliza: ihifadhi rangi kwa namna gani, iweke faharasa (orodha ya mahali fremu zilipo) wapi, ipunguze fremu ngapi. Hayo huonekana kwenye faili inayotoka, na ndiyo tutakayoipima.

Sakinisha FFmpeg (huja pamoja na ffprobe, zana ya kusoma taarifa za faili), uwe na Chrome, Firefox na Safari karibu, na angalau simu moja ya kawaida isiyo mpya sana.

Hatua ya 1: Andaa klipu zitakazoitesa programu

Klipu ya mtu aliyetulia mbele ya kamera haikusaidii, kwa sababu kila programu itaifaulu. Tafuta picha ambazo ni ngumu kubana. Maji yanayochuruzika, majani yanayopeperuka na umati unaotembea hubadilika kila pikseli kwa kila fremu, na hapo ndipo vigae vya mraba huanza kuonekana. Anga la machweo au ukuta wenye mwanga hafifu hufichua kasoro nyingine kabisa: rangi inayopaswa kufifia polepole hukatika na kuwa mikanda. Rekodi ya skrini yenye maandishi madogo mekundu juu ya rangi nyeusi hukuonyesha jinsi rangi zinavyopoteza ukali, kwa kuwa video za wavuti huhifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli za mwangaza.

Kisha ongeza video iliyopigwa kwa simu ikiwa imeshikwa wima, na iwe ndefu, dakika kumi au zaidi, mtu akipiga makofi mwanzoni na tena mwishoni. Simu nyingi hurekodi kwa mwendo wa fremu usio thabiti. Programu isiyojua kuushughulikia itaacha sauti iteleze taratibu, na kwenye klipu ya sekunde kumi hutaligundua hilo. Makofi ya mwisho hayadanganyi.

Zile klipu nyingine zinatosha kuwa za sekunde 10 hadi 20. Ukihitaji video zisizobanwa kabisa, Xiph.org wana mkusanyo wa bure unaotumiwa sana na wanaotengeneza kodeki, yaani njia za kubana na kufungua video.

Hatua ya 2: Amua unachotaka kitoke

Msingi ni kodeki ya H.264 na sauti ya AAC ndani ya faili ya MP4. H.264 ni ya mwaka 2003 na bado ndiyo inayochezwa karibu kila mahali. VP9 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hubana vizuri zaidi, ila Safari hucheza AV1 kwenye vifaa vyenye chipu inayoifungua tu. Ukiitaka AV1, weka na nakala ya H.264 pembeni yake kama akiba. Programu isiyotoa H.264 safi usiendelee nayo hata kama AV1 yake inang'aa.

Hatua ya 3: Geuza bila kugusa mipangilio, kisha ifungue faili

Watu wengi watakaoitumia programu hawatagusa kitu, kwa hiyo chaguomsingi zake ni sehemu ya mtihani. Geuza klipu zote zilivyo, halafu:

`ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,profile,pix_fmt,width,height,r_frame_rate,avg_frame_rate,color_space tokeo.mp4`

Anza na `pix_fmt`, yaani jinsi rangi za pikseli zilivyohifadhiwa. Kwa H.264 ya wavuti unataka `yuv420p`. Ukiona `yuv422p`, `yuv444p` au `yuv420p10le`, faili hiyo itafunguka vizuri kwenye VLC ya kompyuta yako na kukataa kwenye vivinjari na simu nyingi. Kasoro hii hupita mikononi mwa watu wengi kwa sababu aliyeitengeneza anaiona ikicheza.

Tazama `color_space`. Video ya HD iwe `bt709`. Ikiandikwa kitu kingine, au isipoandikwa chochote, nyekundu na kijani zinaweza kusogea kidogo kutoka kivinjari hadi kivinjari. Na ile video ya wima: je, imesimama wima, au imelala ubavu?

Sasa jambo ambalo ningelipima hata kama ningeruhusiwa kupima moja tu. Faili ya MP4 ina faharasa iitwayo `moov`, inayokieleza kivinjari kila fremu iko wapi. Anayeandika faili hawezi kuikamilisha mpaka video iishe, kwa hiyo kwa kawaida huangukia mwishoni. Kivinjari kikikutana na faili ya namna hiyo lazima kiombe kipande cha mwisho kwanza, na seva isiyokubali maombi ya vipande humlazimisha mtazamaji kusubiri faili nzima ishuke ndipo picha ya kwanza ionekane. Angalia hivi:

`ffprobe -v trace tokeo.mp4 2>&1 | grep -E "type:'(moov|mdat)'"`

`moov` itangulie `mdat`, sehemu yenye picha na sauti zenyewe. Kwenye HandBrake kuna kisanduku cha "Web Optimized" kwa kazi hiyo. Kwenye FFmpeg ni `-movflags +faststart`. Faili ambayo tayari imeharibika hurekebishwa bila kubanwa upya:

`ffmpeg -i mbaya.mp4 -c copy -movflags +faststart nzuri.mp4`

Programu inayojitangaza kuwa ya wavuti na bado inaacha faharasa mwishoni, huku haina sehemu ya kulibadilisha hilo, mimi huiondoa hapo hapo. Hatua zinazofuata zinachukua muda, na muda huo wape zilizobaki.

Hatua ya 4: Linganisha kwa ukubwa ulio sawa

Programu moja ikitoa faili ya megabaiti 40 na nyingine 25, huwezi kusema ipi ina ubora zaidi. Nambari za ubora nazo hazilinganishiki: x264 (enkoda, yaani kibanaji, ya H.264) huanzia CRF 23 (namba ya ubora) na x265 (ya H.265) huanzia 28, ilhali VP9 hutumia kipimo kingine kinachofika 63. Maneno kama "ubora wa juu" hayana maana yoyote nje ya programu iliyoyaandika.

Chagua bitireti moja (kiasi cha data kwa kila sekunde), tumia mizunguko miwili ya kubana kila inapowezekana, na hakikisha mafaili yanayotoka yanakaribiana kwa asilimia mbili tatu. Bitireti iwe ya chini kuliko utakayoitumia kazini. Ukiweka ya juu, zote zitapendeza na hutajifunza kitu.

Kisha tumia VMAF, kipimo ambacho Netflix walikiachia umma mwaka 2016, kinachotoa alama kati ya 0 na 100 kwa kukadiria jinsi macho ya watu yangeona:

`ffmpeg -i tokeo.mp4 -i asili.mov -lavfi libvmaf=log_path=alama.json:log_fmt=json -f null -`

Iliyogeuzwa hutangulia, ya asili hufuata. Ukizigeuza nafasi alama hazina maana. Vipimo vya picha na mwendo wa fremu viwe sawa pande zote mbili, maana kupishana kwa fremu moja tu huporomosha matokeo. FFmpeg yako nayo iwe imejengwa pamoja na libvmaf.

Wastani usikutoshe. Fungua `alama.json` utafute fremu zenye alama za chini kabisa, kwa sababu mtazamaji hukumbuka zile sekunde mbili picha ilipovurugika. Kumbuka pia kwamba VMAF haioni vizuri ile mikanda ya angani, na hupandisha alama za picha iliyoongezwa ukali au utofauti wa mwanga. Programu inayojisifu kwamba "inaboresha" picha inaweza kushinda kwa njia hiyo.

Ndiyo maana macho hayaachwi. Mwombe mwenzako ayape mafaili majina ya A na B bila kukuambia ipi ni ipi, uyatazame yakicheza, si fremu zilizosimamishwa tu.

Kuhusu kasi: programu nyingi huwasha zenyewe enkoda ya maunzi (inayobana kwa chipu maalumu ya kompyuta), yaani NVENC, Quick Sync au VideoToolbox. Hizo ni za haraka mno, lakini kwa bitireti ya chini mara nyingi huhitaji biti zaidi ili kufikia ubora wa x264 iliyopewa muda. Soma logi ujue ipi imetumika kabla ya kushangilia kasi. Video hubanwa mara moja na kutazamwa mara nyingi, hivyo ningeupa ukubwa wa faili uzito zaidi. Programu isiyoonyesha logi yoyote inakunyima njia ya kujua, na hiyo ni dosari kubwa.

Hatua ya 5: Icheze mahali itakapochezwa

Pakia mafaili kwenye seva halisi, kisha punguza kasi ya mtandao kwa zana za wasanidi za Chrome. Pima muda mpaka picha ya kwanza, halafu ruka mbele na nyuma. Ikisitasita sana, chunguza umbali kati ya fremu kuu, yaani zile zilizohifadhiwa kama picha kamili. x264 kwa chaguomsingi huruhusu hadi fremu 250, yaani sekunde 10 kwa video ya fremu 25. Kwa sekunde mbili weka `-g 50`. Ukikusudia HLS (kurusha video kwa vipande vifupi) hili ni la lazima, maana kila kipande kinapaswa kuanza na fremu kuu.

Rudia kwenye simu. Sikiliza makofi ya mwisho.

Hatua ya 6: Iharibie kazi makusudi

Ipe faili iliyokatwa katikati, jina lenye nafasi na herufi zenye alama, video isiyo na sauti, na folda yenye mafaili mengi huku moja likiwa bovu. Je, inasimama kimya, au inaendelea na kukuambia lipi limeshindikana? Inaandika juu ya faili ya asili bila kuuliza? Kwa programu za mtandaoni, soma masharti yake: video inakaa kwenye seva zao kwa muda gani, na nani anaweza kuiona. Kama ni video za wagonjwa, wanafunzi au wateja, geuza kwenye mashine yako mwenyewe.

Hifadhi klipu, amri na alama zote kwenye folda moja, uandike namba ya toleo la programu uliyoipima. Toleo jipya likija, zirudie kabla ya kulisakinisha kwenye mashine ya kazi, kwa sababu chaguomsingi hubadilishwa bila tangazo.