Namna ya Kutembelea Mapango ya Amboni Ukiwa na Mwongozaji

Mapango ya Amboni yako umbali wa kilomita nane hivi kaskazini mwa jiji la Tanga, huko Kiomoni, ukishaiacha barabara kuu iendayo Horohoro na Mombasa. Mapango yenyewe ni kumi, lakini linalotembezwa wageni ni moja tu, na huingii humo peke yako. Unaingia nyuma ya mwongozaji. Sharti hilo lisikuudhi. Ndani hakufiki jua, vichochoro vinagawanyika huku na huku, na mtu asiyeyajua mazingira hayo hawezi kutofautisha njia ya kutokea na ufa unaoishia ukutani. Maandalizi ninayoyaeleza hapa yanalenga kukuwezesha kumfuata mwongozaji huyo kwa utulivu, macho yakiwa kwenye mwamba na masikio yakiwa kwake, badala ya kuhangaika na viatu, mkoba na jasho.

Anza kwa kuchagua siku. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, Mto Mkulumuzi unaopita karibu na mapango hujaa, njia ya udongo inakuwa tope, na sakafu ya pango huteleza kuliko kawaida. Vuli nayo ina siku zake za namna hiyo. Miezi ya Juni hadi Septemba inafaa zaidi. Nakushauri uende asubuhi, siku ya kazi, kwa sababu mwishoni mwa wiki na nyakati za ziara za shule unaweza kukuta wanafunzi sitini wamejipanga mlangoni, na hata kama furaha yao inapendeza, hutasikia neno la mwongozaji humo ndani. Ukikuta kundi kubwa limekutangulia, kaa chini ya mti usubiri litoke. Nusu saa ya kusubiri ina faida kuliko kuburutwa katikati ya msururu. Kutoka mjini usafiri si tatizo: bodaboda na bajaji zinafika, ila patana kabisa na dereva kuhusu kurudi, maana ukitoka pangoni mchana unaweza usikute chombo kikisubiri abiria.

Eneo hili lilianza kuhifadhiwa mwaka 1922 na kampuni ya mkonge ya Amboni Limited, ambayo mwaka 1937 iliiarifu serikali ya kikoloni ya Waingereza, na mwaka 1963 likakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa mgeni, maana ya historia hiyo fupi ni kwamba unalipa serikalini, kwa kumbukumbu namba ya malipo, na viingilio vya raia si sawa na vya mgeni kutoka nje. Hivyo njoo na kitambulisho chako, na hakikisha simu ina salio la kulipia, badala ya kutegemea noti mfukoni. Risiti itunze mpaka umalize ziara.

Sasa viatu. Vaa raba zenye soli ya kushika, zilizofungwa kamba barabara. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyeingia pale mara ya kwanza na ndala, akiamini kwamba pango ni kama chumba kikubwa chenye sakafu bapa. Hatua kama ishirini hivi kutoka mlangoni mwamba ulikuwa umelainishwa na nyayo za watu kwa miaka mingi mpaka unang'aa kama sabuni iliyolowa, ndala moja ikanitoka mguuni, ikateleza hadi kwenye mwanya, na mwongozaji akalazimika kulala kifudifudi kuivuta kwa fimbo huku wageni wengine wakisubiri. Mavazi mengine yafuate mantiki hiyo hiyo: suruali nyepesi isiyobana magoti, au dera fupi lenye suruali ndani kwa akina mama, kwa kuwa kuna mahali pa kuchuchumaa na mahali pa kupita ubavu. Mtandio mrefu ufungwe vizuri. Nguo nyeupe iache nyumbani. Hewa ya ndani ni nzito na yenye unyevu, kwa hiyo utatoka jasho hata ukiwa umesimama. Chupa ya maji ni lazima, ila chakula kibaki nje.

Mwongozaji ana tochi, lakini tochi moja mbele ya watu wanane inamfaa wa kwanza na wa pili tu. Beba yako, ikiwezekana ile ya kuvaa kichwani, ili mikono ibaki huru. Taa ya simu inasaidia, ingawa kila mara unapotaka kupiga picha unajikuta gizani, na simu ikikuponyoka kwenye ufa huenda usiione tena. Mkoba uwe mdogo na uuvae kifuani. Ukiuvaa mgongoni utakwangua dari bila kujua, na dari ndiyo yenye vitu tulivyovifuata.

Kabla ya kuingia kuna dakika chache mlangoni ambazo wageni wengi huzipoteza kwa kupiga picha. Zitumie kuzungumza na mwongozaji. Tanga ni mji wa salamu, na mtu mzima aliyekutangulia kwa umri unaanza kwa kumwamkia. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu, karibu. Umewahi kuingia?” Hapo ndipo pa kusema ukweli: kwamba una pumu, kwamba goti lako halikunji, kwamba mama uliyekuja naye ni mjamzito, au kwamba unapata hofu ukiwa mahali finyu. Sehemu nyembamba zina njia za kuziepuka au kuzikatisha, lakini mwongozaji hawezi kuzichagua kama hajui. Mwombe pia atembee taratibu na awape nafasi ya kuuliza. Baadhi yao, wakiwa wamepitisha makundi matano tangu asubuhi, hukariri maelezo kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Swali moja la dhati linatosha kumrudisha kwenye simulizi.

Mkiingia, simama kidogo hatua chache ndani, macho yazoee. Tembeeni mmoja mmoja, tochi ikimulika miguuni na wala si usoni mwa mwenzako. Mwongozaji akisema “kichwa!”, inama kwanza, halafu ndipo uangalie alichokiona, kisha umpitishie neno hilo aliye nyuma yako, kwa maana wageni wanaoinua uso kutafuta hatari ndio wanaotoka na nundu. Kwenye upenyo mwembamba subiri aliye mbele amalize kupita, vua mkoba, utangulize bega moja, na upumue kawaida. Watoto wawe katikati ya watu wazima, kamwe wasiwe wa mwisho.

Jambo ambalo ningependa mgeni alielewe kabla ya yote ni hili la mikono. Mwamba wa Amboni ni mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, yaliyojengeka chini ya bahari, na ni jamii ya mawe hayo hayo yanayochimbwa kutengenezea saruji kule Pongwe. Mara nyingi utasikia kwamba mapango yana miaka milioni 150. Huo ni umri wa jiwe, na pango lenyewe ni la baadaye sana. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa na kuwa tindikali hafifu, yakaingia kwenye nyufa za mwamba na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo, mpaka ufa ukawa mfereji na mfereji ukawa ukumbi. Baadaye kazi hiyo hugeuka. Tone linaloning'inia darini huachia ile hewa ya ukaa, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inaganda pale pale. Mulika tochi yako kwa ubavu kwenye ncha yenye unyevu ya stalaktiti, yaani jiwe la chokaa linaloning'inia darini, usogee karibu bila kuigusa, na ungoje: tone linavimba, linakuwa na kiuno, linatetemeka, linaanguka, na kwenye ncha panabaki utando mwembamba usioonekana kwa macho. Panapodondokea, chini, stalagmiti, yaani jiwe linaloota kutoka sakafuni, nayo inapanda kwa mtindo huo huo. Ukuaji huo kwa kawaida haufiki hata milimita moja kwa mwaka. Kidole kimoja chenye mafuta ya ngozi kikipapasa hapo, mafuta yanazuia chokaa kushika, na baada ya vidole elfu jiwe linakuwa jeusi, linang'aa na linaacha kukua. Kwa hiyo jishikilie pale tu mwongozaji anapoelekeza, usivunje hata kipande kidogo cha ukumbusho, na ukimwona mwenzako anataka kuandika jina lake ukutani, mzuie bila haya.

Maumbo yaliyotokana na maji hayo ndiyo mwongozaji atakayokuonyesha kwa fahari: mguu wa tembo, mamba, kochi, meli, ramani ya Afrika, Bikira Maria, hata ile sanamu ya Uhuru ya New York. Mengine utayaona mara moja, mengine yatahitaji hisani ya macho yako. Usibishe. Simama pale aliposimama yeye na umulike kutoka alikomulika, kwa maana maumbo mengi yanategemea kivuli, na hatua moja kushoto mamba anageuka kuwa jiwe la kawaida.

Kisha zinakuja hadithi, na hapa inafaa kujua kipi ni kipi. Habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha humu wakiwakimbia askari wa kikoloni miaka ya 1950, zinasimuliwa kwa namna mbalimbali. Kwa wengine ni majambazi, kwa wengine ni watu waliowanyang'anya matajiri na kuwapa maskini. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mahali panaposemwa walikaa, na umwulize yeye mwenyewe alisikia vipi kutoka kwa wazee wake, kwani hapo ndipo utakapopata yasiyokuwa kwenye vibao. Hadithi ya pili ni ya Wazungu wawili waliopotea pangoni na mbwa wao, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro, na ya tatu inasema njia hizi zinatokeza Mombasa. Zisikilize kwa raha zote, ila ukumbuke kwamba mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango haya, wakayakuta ni kumi yanayojitegemea, na lililo refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mbwa yule, kama alifika Kilimanjaro, alipita juu ya ardhi kama mbwa wengine.

Sehemu ya mzimu ni suala jingine. Wapo watu wanaokuja Amboni kutambika na kuomba, na katika chumba hicho unaweza kukuta vitu walivyoviacha. Uwe unaamini au huamini, usiguse wala kusogeza chochote, usicheke, na usipige picha kama kuna mtu yuko kwenye maombi yake. Mwongozaji akinyamaza hapo, nyamaza naye.

Popo wanahitaji tahadhari ya aina yake. Wanalala darini kwa maelfu, na harufu kali utakayoisikia ni ya kinyesi chao. Usiwamulike moja kwa moja, zima mwanga wa kamera, na usipige kelele, kwa sababu wakiruka kwa hofu wanapoteza nguvu na nyinyi mnapata vumbi na mvua ya kinyesi. Vumbi hilo linaweza kubeba kuvu inayodhuru mapafu. Mwenye pumu avae barakoa. Popo wanaokula matunda katika mapango ya ukanda wetu wamehusishwa pia na virusi vya Marburg: pango la Kitum katika Mlima Elgon, Kenya, lilitajwa katika wagonjwa wa mwaka 1980 na 1987, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia kwenye pango la popo katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda. Sitaji haya ili uogope Amboni, bali ili usimshike popo aliye hai wala mfu, usipanguse jasho usoni kwa mkono ulioshika mwamba, na unawe kwa sabuni mara utokapo, kabla hata ya kufungua chupa ya maji. Ukipata homa siku chache baadaye, mwambie daktari kwamba uliingia pangoni.

Mkifika kwenye ukumbi mpana, mwombe mwongozaji jambo moja: kila mtu azime tochi na simu kwa dakika moja. Weka mkono wako mbele ya uso. Hutauona, hata ungoje vipi, kwa kuwa hakuna mwanga wowote wa jicho kuuzoea. Baada ya sekunde kadhaa utaanza kusikia matone, moja karibu, jingine mbali zaidi, kila moja kwa mwendo wake. Watoto wadogo waambiwe mapema, wasije wakalia.

Ukitoka, jua litakuumiza macho, kwa hiyo kaa kivulini kidogo kabla ya kupanda bodaboda. Mwongozaji aliyekuhudumia vizuri mpe shukrani mkononi, kando, kwa hiari yako. Mwenye muda anaweza kuendelea hadi chemchemi za maji moto za Galanos, ambazo haziko mbali na zinajitangaza kwa harufu ya kiberiti. Na kama ratiba ya ofisi inaruhusu ubaki hadi magharibi, uliza mapema, usimame nje pembeni mwa mlango wa pango bila kuuziba: giza likianza kuingia, popo hutoka kutafuta chakula, kundi baada ya kundi, na huna haja ya tochi kuwaona.