Jeshi lako la kwanza la Warhammer 40,000: hesabu vichwa kabla ya pointi

Warhammer 40,000 ni gemu ya vita ya mezani, inachezwa kwa vijisanamu na dadu, na kila mgeni anayeingia kwenye hii gemu anauliza kitu kilekile, "jeshi gani ni kali?", na jibu langu huwa halimfurahishi manake ukali wa jeshi ni wa msimu tu. Toleo la 8 la sheria lilitoka 2017, la 9 likaja 2020, la 10 likaja 2023, na katikati ya hapo Games Workshop, kampuni inayoitengeneza, wanabadilisha pointi za vikosi (yani bei ya kila kikosi unapopanga jeshi) kila baada ya miezi kadhaa, kwahiyo jeshi linalochapa watu leo, utakapomaliza kulipaka rangi kuna uwezekano mkubwa limeshapunguzwa makali. Ambacho hakibadiliki ni hiki: vijisanamu vinakuja kwenye fremu za plastiki, havijaungwa, havina rangi, na we mwenyewe ndo utakaa navyo usiku na gundi na brashi. Mi ndo naanzia huko, vita baadaye.

Namba zote hapa chini ni za toleo la 10. Na naongelea 40K tu (kifupi cha Warhammer 40,000), ile ya anga za mbali na mabunduki, ya mapanga na mazimwi inaitwa Age of Sigmar na majeshi yake ni mengine.

Hatua ya 1: Tafuta mtu wa kucheza naye

Hii inarukwa sana. Ukiwa Uingereza ni rahisi, miji mingi ina klabu au duka, na makao makuu ya Games Workshop yenyewe yako Nottingham, kuna ukumbi unaitwa Warhammer World una meza za kuchezea na maonyesho, ukipita huko ingia. Kwenye maduka yao huwa wanakuonyesha mchezo mfupi na unajaribu kupaka kisanamu kimoja bure, tumia hiyo nafasi. Ukiwa Dar au Nairobi inabidi mkubaliane wawili watatu mapema, na mkubaliane mnacheza gemu gani na kwa ukubwa gani, manake jeshi la 40K huwezi kulipeleka kwenye Age of Sigmar.

Hatua ya 2: Amua ukubwa wa vita

Kuna Combat Patrol, ambayo unanunua boksi moja na yaliyomo ndani ndo jeshi lako, hupigi hesabu ya pointi, na meza ni inchi 44 kwa 30, yani meza ya kulia chakula inatosha. Alafu kuna vita ya pointi 1000 na ya pointi 2000, zote kwenye inchi 44 kwa 60. Watu wengi mtaani wanacheza 2000 na wageni wengi wanavutwa huko haraka mno. We lenga Combat Patrol, kisha 1000. Sheria za msingi ni za bure, zinapakuliwa kwenye tovuti ya Warhammer Community, na orodha ya pointi pia, usimlipe mtu.

Hatua ya 3: Hesabu vichwa

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Pointi 2000 hazimaanishi idadi sawa ya vijisanamu. Adeptus Custodes, wale walinzi wa dhahabu, wanakupa ishirini na kitu mpaka thelathini na ushei, basi. Imperial Knights ni maroboti makubwa, unaweza kuingia mezani na machache sana yanayohesabika kwa vidole. Space Marines, askari wakubwa wa deraya nzito, wako katikati. Alafu kuna Astra Militarum, wanajeshi wa kawaida wa binadamu, na Orks, majitu ya kijani, na Tyranids wa aina ya wadudu wadogo wengi, hapo unaweza kuvuka 100 bila kushtuka. Kila kichwa hapo kina mikono, silaha, macho. Chukua muda unaotumia kumaliza kimoja, zidisha.

Mtu atakwambia ah mi napenda kupaka, sawa, ila kupaka Ork wa kwanza na kupaka Ork wa themanini ni mambo mawili tofauti na huyo wa themanini ndo anayeua majeshi mengi kuliko bunduki yoyote ya hii gemu.

Kingine ni aina ya rangi, sio idadi tu. Necrons ni mifupa ya chuma, unapiga spreyi ya rangi ya chuma, unamwagia wino mweusi mwepesi wa kuingia kwenye mifereji (Nuln Oil ndo unaotajwa sana), unaweka kijani kwenye bunduki, umemaliza, na anaonekana vizuri kweli. Death Guard ni wachafu, wanaoza, wana kutu, yani ukikosea inaonekana kama ulikusudia. Tyranids ni ngozi na gamba, rangi za Contrast zilizotoka 2019 zinawafaa sana sababu zinatiririka zenyewe kwenye mikunjo na kuacha kivuli. Sasa nenda kwa Thousand Sons: kila kipande cha deraya kimezungushiwa ukingo wa dhahabu, kifua, mabega, magoti, kila mahali, na ukingo wenyewe mwembamba kama uzi. Ni wazuri ajabu, nawapenda, na simshauri mtu yeyote aanze nao labda uwe na subira ya mshona kofia za mkono.

Kwahiyo chukua karatasi, andika majeshi matatu ambayo ukiona picha zake unasimama, mbele ya kila moja andika idadi ya vichwa kwa pointi 1000 na ugumu wa kupaka. Moja litajifuta lenyewe.

Hatua ya 4: Jua jeshi linachezwaje, kwa dadu

Stori za majeshi ni tamu na zisome, ila mezani mambo yanaenda hivi: unarusha dadu za kulenga, zilizopiga unazirusha tena kuona kama zimejeruhi (unalinganisha nguvu ya silaha na ugumu wa adui), alafu mwenzako anarusha za kujikinga kwa deraya. Zikilingana nguvu na ugumu unahitaji 4 kwenda juu, nguvu ikizidi ni 3, ikiwa mara mbili au zaidi ni 2, ikipungua ni 5, ikiwa nusu au chini ya nusu ni 6.

Tuchukue mfano. Wanajeshi 10 wa Astra Militarum wenye bunduki za kawaida wako mbali, hawana afisa wa kuwaongezea kitu, wanampiga Space Marine. Dadu 10, wanalenga kwa 4, zinapiga 5. Nguvu 3 dhidi ya ugumu 4, wanahitaji 5, zinabaki kama moja na nusu hivi. Marine anajikinga kwa 3. Inapita nusu ya jeraha kwa wastani, na Marine ana laifu 2! Watu kumi wamempiga mtu mmoja na amesimama tu. Geuza sasa, Marine watano tu wa Intercessors (kikosi chao cha kawaida cha miguu), kila mmoja risasi mbili, zinakuwa 10, wanalenga kwa 3, wanajeruhi kwa 3, deraya ya wale askari ya 5 inashushwa na risasi za Marine mpaka 6, wanakufa karibu wanne.

Ukiishia hapo utasema nani achukue wale askari. Lakini kwa pointi za Marine mmoja unapata askari wawili na nusu hivi, na wana vifaru, wana mizinga inayopiga bila hata kukuona, na tena mchezo unashinda kwa kushikilia alama zilizowekwa mezani, kuua ni njia tu ya kufika hapo, na watu wengi wanakaa kwenye alama nyingi. Ndo tabia ya jeshi hiyo, inabidi ikufurahishe we. Kama utaumia kila ukiondoa watu kumi mezani kwa zamu, hilo sio lako.

Kwa haraka: T'au wanapiga mbali na wakifikiwa wanalia. World Eaters wanakimbilia shingo, hawana muda wa bunduki. Necrons wanaanguka na kuinuka tena. Death Guard wanatembea polepole na hawafi. Aeldari wanakwenda kasi, wepesi kufa, wanataka mtu anayefikiria zamu mbili mbele, mgeni atapigwa sana kabla hajawaelewa. Space Marines wanafanya kila kitu kwa kiasi, watu wanawaita jeshi la watoto, waache waseme, wana vifaa vingi kuliko jeshi lolote na wanasamehe makosa.

Hatua ya 5: Cheza na vizibo

Kabla hujatoa hela. Kile kizibo cha chupa ya soda ya kioo kina upana wa milimita 32 hivi, na kitako cha Space Marine, kile kiduara anachosimamia, ni milimita 32, kwahiyo vile vizibo vinavyochezewa drafti vijiweni ni saizi kamili ya kikosi. Andika kwa maka pen juu, M kwa Marine, S kwa sajenti, kata maboksi ya karatasi kwa ajili ya magari, vitabu viwe majengo, futikamba yenye inchi, dadu za kutosha (sita hazitoshi, tafuta ishirini), alafu cheza angalau mara mbili na kila jeshi lililobaki kwenye karatasi yako. Utashangaa, mtu alikuja na Custodes kichwani anaondoka na Orks sababu kuwa na vipande vichache kumemboa.

Hatua ya 6: Nunua kidogo, paka kimoja mpaka mwisho

Boksi la Combat Patrol ni kama paundi 100 kwa Uingereza, juu kidogo au chini kidogo kutegemea duka, na kwa Afrika Mashariki jumlisha usafiri na ushuru. Kama hiyo ni nzito, anza na boksi la kikosi kimoja. Unahitaji plaizi ndogo ya kukatia fremu, kisu, gundi ya plastiki ya maji (inayeyusha plastiki na kuiunganisha, supaglu waachie vya resini na chuma), brashi mbili, rangi tano sita.

Unga kisanamu kimoja tu, andakoti, rangi, mpaka kitako. Kimoja. Kama kimekuboa hicho, usiunge vingine, viuze vikiwa bado kwenye fremu zake, sehemu ya hela itarudi.

Spreyi usimwagize mtu akuletee kwenye begi la ndege, haziruhusiwi. Nunua ya duka la vifaa vya ujenzi, isiyong'aa, na ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu tupu sababu nyingine zinakula plastiki. Pwani ukipiga siku yenye unyevu mwingi rangi inaweza kutoka na ungaunga mweupe, subiri siku kavu, puliza kwa mbali na kidogokidogo.

Hatua ya 7: Panda mpaka 1000

Ongeza kinachokosekana. Combat Patrol nyingi zina kiongozi na askari wa miguu, kwahiyo angalia una nini cha kuvunja kifaru, una nani wa kukaa kwenye alama ya nyuma, una nani wa kukimbia mbele. Vitu vitatu hivo vinakufikisha 1000 kwa majeshi mengi. Usinunue boksi tatu za kikosi kimoja kwasababu mtu mtandaoni kasema ndo meta ya mwezi huu (yani kinachoshinda sana kwa sasa), pointi zikipanda unabaki nazo kabatini. Na vile vikosi vyenye silaha za kuchagua, toboa mkono weka sumaku ndogo badala ya gundi, silaha unabadilisha kila sheria ikibadilika.