Kukata hesi za M10 kwenye kerezo dogo

Hesi za M10 ni za bolti ya kipenyo cha milimita 10. Kereza chuma hadi kipenyo cha milimita 9.85, si 10 kamili, kwa maana hesi huvimbisha vilele. Panga gia za hatua (umbali kutoka kilele hadi kilele) ya milimita 1.5. Ncha ya kisu cha pembe ya nyuzi 60 ilingane na kitovu cha kazi, yaani chuma kinachokerezwa. Mizunguko 70 kwa dakika inatosha.

Kwaruza milimita 0.05 tu, kisha upime: hatua kumi ziwe milimita 15. Endelea kwa 0.1, mwishoni 0.05, hadi kina cha 0.92. Kila mkato ukiisha, toa kisu nje kwanza, ndipo urudishe mota kinyumenyume. Nati ya kusogezea, ile inayounganisha kisu na skrubu ndefu ya kerezo, usiifungue kamwe kabla hesi hazijakamilika. Ukiifungua kisha ukaifunga mahali pasipofaa, hesi zitapishana na kazi imeharibika.

Hewa ya chumvi ya Mombasa haisubiri: paka mafuta papo hapo.